Sura ya Saba: Mzinga wa Msaada

Mkahawa hauchanui polepole. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, machipukizi yaliyokuwa yamelala hufunguka kwa pamoja, na kwa siku mbili tatu mashamba ya Kibosho, Uru, Old Moshi na Marangu huwa meupe na kunukia asmini. Kisha maua hunyauka, na mkulima husubiri miezi kadhaa kabla ya kuchuma. Yaliyotokea katika siku zile chache ndiyo yaliyoamua sehemu ya uzito wa gunia lake, na mengi yalifanywa na vibarua ambao hakuwaajiri.

Kwa miaka mingi vibarua hao hawakuhesabiwa, kwa kuwa arabika inaweza kujichavusha yenyewe. Mkulima aliambiwa habari za mbolea, mrututu na kupogolea, nyuki hakutajwa. Mwaka 2014 Alice Classen na watafiti wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwenye miteremko ya Kilimanjaro, katika vihamba, yaani mashamba mchanganyiko ya kuzunguka nyumba, na katika mashamba makubwa. Mikahawa mingine waliizungushia nyavu ili nyuki, ndege na popo wasiifikie, mingine wakaiacha wazi. Nyuki walipopata nafasi, uzito wa matunda uliongezeka kwa asilimia 7.4. Ndege na popo, kwa kula wadudu waharibifu, waliongeza idadi ya matunda yaliyoshika kwa asilimia 9 hivi. Katika wilaya ambayo ada za shule zimelipwa kwa kahawa tangu enzi za babu, asilimia saba ya uzito ni fedha.

Basi nani anamlinda kibarua huyu? Ukiuliza Moshi mjini utatajiwa miradi ya mashirika ya kimataifa, vikundi vya vijiji, taasisi za serikali, vyuo na makanisa. Kila mmoja una picha ya watu waliovaa mavazi meupe ya kinga wakisimama kando ya mizinga iliyopakwa rangi ya njano. Sura hii inaangalia misaada hiyo kwa jicho la mtu anayetaka kujua ni upi unaomfikia nyuki na ni upi unaoishia kwenye picha.

Nyuki wenyewe

Tuanze na anayelindwa, maana watoa misaada wengi humfikiria nyuki mmoja tu, yule wa asali. Hata huyo mlimani ana sura mbili. Tambarare za chini, kuelekea Kahe na mashamba ya miwa ya TPC, ni makazi ya nyuki wa savana, mdogo, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kuhama. Juu kwenye ubaridi yupo nyuki wa milimani, mweusi zaidi na mpole kiasi. F. G. Smith, aliyekuwa mtaalamu wa ufugaji nyuki katika serikali ya Tanganyika, ndiye aliyemtofautisha mwaka 1961 na kumpa jina la kisayansi la *monticola*.

Kisha wapo nyuki wadogo wasiouma, wanaokaa kwenye mashimo ya miti na kuta, na ambao asali yao chachu hununuliwa kwa bei ya juu kwa sababu watu huitumia kama dawa. Na wapo nyuki wa upweke wa aina nyingi, wasio na malkia wala mzinga, kila jike akichimba tundu lake ardhini au kwenye mti mkavu. Utafiti mwingine wa kundi hilohilo la Classen, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa aina za nyuki hupungua kadiri unavyopanda mlima, na kwamba kinachowawekea mpaka zaidi ni joto kuliko wingi wa maua. Nyuki wa upweke hawana asali ya kuuza, na kwa hiyo hawana mfadhili. Lakini alizeti, maharage na parachichi hazibagui aliyezichavusha.

Mti ulioozwa

Kabla ya shirika lolote kufika, mlima ulikuwa na taratibu zake. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani aliyekaa Old Moshi miaka mingi kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika kwa kirefu juu ya mila za Wachagga, ufugaji nyuki ukiwemo. Anasimulia kwamba mti wa kuchongea mzinga haukuangushwa hivihivi. Mwenye mti aliuaga kama baba anayemwoza binti yake, akauletea zawadi, akausemesha maneno ya kumkabidhi bibi harusi kwa watu wa upande wa pili. Waliokuja kukata nao walijibu kama wakwe.

Mtu wa leo anaweza kuyaona hayo kuwa masimulizi ya kale tu. Ukiyatazama kama kanuni, utaona yalifanya kazi ambayo leo inahitaji kibali na muhuri. Mti ulikuwa na mwenyewe anayejulikana, kuukata kulikuwa na gharama na mashahidi, na mzinga uliotoka humo ulikuwa mali yenye jina la mtu. Mizinga ya magogo ilitundikwa kwenye miti ya kihamba na msituni, ikarithiwa. Hakuna aliyegawa mizinga bure, na kwa hiyo hakuna aliyekuwa na mzinga asioujali.

Msitu, moto na mpaka

Msitu ndio uliokuwa ghala kuu la maua. Serikali ya kikoloni iliuweka chini ya hifadhi, na mwaka 1941 ukatengwa ukanda wa nusu maili kando ya mashamba ili wenyeji wapate kuni, majani na mbao. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973 juu ya msitu huo, ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1987. Mwaka 2005 mpaka wake ulishushwa ukaumeza msitu wote. Kuanzia hapo mzinga ulio ndani ya msitu ukawa kosa, kwa sababu sheria za hifadhi za taifa haziruhusu shughuli za namna hiyo.

Wahifadhi walikuwa na hoja nzito, nayo ni moto. Mtu anayefuata kundi la nyuki pori kwenye mti huwasha majani na matawi apate moshi wa kuwatuliza. Akiisha kurina huondoka, na kinga yake huachwa ikifuka chini ya mti. Wakati wa kiangazi, katika ukanda wa juu wenye vichaka vya jamii ya *Erica* vinavyoshika moto upesi, cheche moja inatosha. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyeuchunguza mlima huu kwa miongo kadhaa, alieleza mwaka 2005 kwamba moto, ukichochewa na ukavu unaoongezeka, umeushusha mpaka wa juu wa msitu, na kwamba hasara hiyo ni kubwa kwa maji ya mlima kuliko kuyeyuka kwa barafu. Msitu wa juu hukamata ukungu na kuugeuza matone. Ukiungua, mifongo, yaani mifereji ya maji ya huku chini, inapungukiwa. Warina asali si chanzo pekee cha moto, lakini wamo katika kila orodha ya vyanzo.

Hapa ndipo misaada ilipoingia kwa maana. Mfugaji mwenye mzinga wake karibu na nyumbani, bomba la moshi na vazi la kinga hana haja ya kwenda msituni usiku na kinga ya moto. Ufugaji ukikua, urinaji wa porini unapungua, na msitu unapona. Hoja hiyo ndiyo iliyofungua mifuko ya wafadhili.

Fedha ndogo za kikundi

Mpango mmoja unastahili kutajwa kwa jina. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Programu ya Misaada Midogo ya Mfuko wa Mazingira Duniani, inayoendeshwa na UNDP, ilishirikiana na United Nations Foundation kuanzisha mpango ulioitwa COMPACT. Ulilenga maeneo machache ya urithi wa dunia, na Kilimanjaro ikawa mojawapo ya yale ya kwanza, pamoja na Mlima Kenya. Badala ya kuipa ofisi moja kubwa fedha nyingi, programu hiyo hutoa ruzuku ndogo, kwa kawaida zisizozidi dola 50,000, moja kwa moja kwa vikundi na asasi za wenyeji. Kilimanjaro fedha hizo zilienda kwenye vitalu vya miti, ukarabati wa mifongo, majiko sanifu na ufugaji nyuki.

Mchanganyiko huo ndio uliokuwa na akili. Mwenye kitalu cha miti anamletea nyuki maua ya miaka ijayo. Jiko linalotumia kuni kidogo linaacha mti umesimama. Mfongo unaotiririka unampa nyuki maji wakati wa kiangazi, kwani kundi likikosa maji ya kupoza mzinga huhama. Mtu akitazama orodha ile harakaharaka ataona mradi mmoja wa nyuki na mitatu ya mambo mengine. Kwa nyuki mwenyewe yote minne ni yake.

Linganisha na mradi wa aina nyingine, ambao mfugaji yeyote wa Kaskazini ameshauona. Gari linakuja na mizinga ya fremu aina ya Langstroth, iliyobuniwa na mchungaji wa Marekani mwaka 1852. Ni mzinga mzuri kwa anayeuweza: unataka vipimo sahihi, karatasi za nta, mashine ya kukamulia asali na fundi wa kutengeneza fremu zinapovunjika. Mafunzo ni ya siku chache. Mizinga inapangwa kwenye manzuki ya kikundi, hotuba zinasomwa, gari linaondoka. Baada ya mwaka mmoja baadhi ya mizinga imejaa siafu, mingine ina nondo wa nta, mmoja umepasuliwa na nyegere, na iliyobaki haijawahi kuingiwa na nyuki, maana hakuna aliyepaka nta ya chambo wala kufyeka majani chini yake. Mali ya kikundi imekuwa mali ya hakuna mtu.

Mashirika yenye uzoefu yamejifunza hilo. Bees for Development, lililoanzishwa mwaka 1993 na Nicola Bradbear huko Wales, limekuwa likisisitiza kwamba mfugaji maskini aanze na mzinga anaoweza kuutengeneza mwenyewe kwa vitu vya kwao: gogo, magome, au sanduku la mbao lenye vijiti vya juu ambavyo nyuki hujengea masega. Ukioza anatengeneza mwingine bila kumwandikia mtu barua. Bees Abroad, la Uingereza pia, lililoanza mwaka 1999, hufundisha wakufunzi wa hukohuko wanaobaki baada ya mradi kwisha. Tofauti kati ya njia hizo na ile ya gari la mizinga haiko kwenye ukubwa wa fedha. Iko kwenye swali la nani ataendelea kujali baada ya mfadhili kuondoka.

Mizinga iliyoinuliwa juu ya vigingi au kutundikwa kwenye waya, badala ya kupandishwa juu ya mti mrefu, imeleta jambo jingine: wanawake wamepata kufuga. Zamani kupanda mtini usiku ilikuwa kazi ya wanaume, na asali ikawa fedha yao. Lakini kihambani, ambako nyumba zimebanana na watoto wanapita njiani, nyuki mkali ni hatari. Manzuki lazima yawe mbali na nyumba, njia na zizi, na si kila mwenye kihamba ana nafasi hiyo. Kwa familia kama hiyo nyuki wasiouma ni jibu bora, na shirika linaloijua Kilimanjaro litaanzia hapo.

Majirani wa Sagalla

Upande wa mashariki, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, kuna somo jingine. Lucy King, akifanya kazi na shirika la Save the Elephants, alichapisha mwaka 2007 matokeo yaliyoonyesha kwamba tembo hukimbia wakisikia sauti ya nyuki waliochokozwa. Kutokana na hilo ukazaliwa uzio wa mizinga. Mizinga hutundikwa kila baada ya mita 10 kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya. Tembo akiusukuma, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Huko Sagalla, chini ya vilima vya Taita kando ya Tsavo Mashariki, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba asilimia 80 ya tembo waliozisogelea nyua hizo hawakuingia mashambani. Mkulima akapata mahindi na asali. Uzio wa namna hiyo umejaribiwa pia upande wa Tanzania, kandokando ya Milima ya Udzungwa.

Wakulima wa Rombo na wa magharibi mwa Kilimanjaro wanayajua machungu ya tembo wanaozunguka kati ya msitu wa mlima na Amboseli kupitia ushoroba wa Kitendeni, kwa hiyo wana kila sababu ya kujifunza kwa Sagalla. Wajifunze na upande wa pili wa habari hiyo. Ukame wa mwaka 2017 ulipopiga, mizinga mingi ya Sagalla ilibaki bila nyuki. Waya ulikuwepo, masanduku yalikuwepo, maua hayakuwepo. Uzio wa mizinga mitupu haumzuii tembo.

Wasiojiita wa nyuki

Wahenga walisema apendaye boga hupenda na ua lake. Anayempenda nyuki kwa ajili ya asali pekee atanunua mizinga. Anayempenda pamoja na ua lake atajikuta akifanya kazi na watu ambao hawana picha ya nyuki kwenye nembo yao.

Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, yenye makao makuu Lyamungo, imezalisha aina za kahawa zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Lengo lilikuwa kumpunguzia mkulima gharama za dawa, na kila bomba la dawa lisilopigwa ni nafuu kwa nyuki aliye kwenye ua. Mwaka 2011 FAO iliutambua mfumo wa kihamba wa kijiji cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia. Kinachotambuliwa pale ni migomba, kahawa, viazi vikuu, miti ya kivuli na malisho katika eneo moja dogo. Kwa nyuki hiyo ni meza isiyokauka: mringaringa ukimaliza kuchanua, mwingine umeanza. Kihamba kikifyekwa ili kupandwa zao moja, au kikigawanywa viwanja vya nyumba, hakuna idadi ya mizinga itakayoziba pengo hilo.

Upo pia mkono wa serikali. Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 1998 na Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 ziliweka msingi wa hifadhi za nyuki na manzuki za vijiji, na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ndio unaosimamia kazi hiyo. Maofisa nyuki wengi walisomea Tabora. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, husajili dawa zinazouzwa madukani. Wenzetu wa Ulaya walipigana kwa miaka mingi hadi mwaka 2018 Umoja wao ulipopiga marufuku kutumia nje ya vitalunyumba dawa tatu za jamii ya neonikotinoidi zinazodhuru nyuki. Asasi zilizoshinda vita hiyo hazikugawa hata mzinga mmoja. Zilikusanya ushahidi na kuwabana watunga sheria. Kwetu kazi ya namna hiyo haina wafadhili wengi, ingawa mkulima wa nyanya wa chini ya Moshi anayepiga dawa saa nne asubuhi, maua yakiwa wazi, anaua nyuki wengi kuliko nyegere yeyote.

Na kuna ushirika. Mkoa huu ulianzisha KNCU mwaka 1933, na chuo cha ushirika cha Moshi kimefundisha vizazi vya mameneja. Mfugaji mwenye mizinga mitano hawezi kumbembeleza mnunuzi wa Arusha akiwa peke yake. Wafugaji mia moja wenye chombo cha kuchujia, ndoo safi, kipimo cha unyevu na hesabu zinazosomeka wanaweza. Asali ikiwa na bei, mwenye mzinga ataufyekea, ataupaka grisi kwenye waya kuzuia sisimizi, atauwekea maji. Soko ndilo mlinzi asiyehitaji posho.

Kabla hujatoa

Msomaji ambaye ana shilingi za kutoa, au mwenyekiti wa kijiji anayeletewa mradi mezani, asione haya kuhoji. Haya ndiyo maswali yangu.

Uliza mizinga mingapi ina nyuki leo, na si mingapi iligawiwa. Mradi wa miaka mitatu iliyopita ndio utakaokupa jibu la kweli. Uliza mzinga ni wa nani: ukiambiwa ni wa kikundi, uliza nani aliufungua mara ya mwisho na lini. Uliza unatengenezwa wapi na kwa bei gani, na kama seremala wa kijijini anaweza kuutengeneza. Uliza miti gani imepandwa, inachanua miezi ipi, na maji yako umbali gani. Uliza nani atanunua asali na nta, maana nta hutupwa na wengi ilhali ina soko. Uliza kama shirika limezungumza na wakulima jirani kuhusu saa za kupiga dawa. Mwisho uliza lina mpango gani kwa nyuki wasiouma na wale wasio na asali. Shirika litakaloshindwa kujibu maswali mawili ya kwanza halistahili fedha zako, hata kama kipeperushi chake kinavutia.

Asiye na fedha naye ana la kufanya. Piga dawa jioni nyuki wakisharudi, na usipige kabisa mazao yakiwa kwenye ua. Acha mringaringa au mfuruanje mmoja usimame kihambani. Weka karai la maji lenye mawe ili nyuki wasizame. Acha kipande cha ardhi bila kulimwa na gogo kavu bila kuchomwa, wapate makazi wale wa upweke. Ukiona kinga inafuka chini ya mti karibu na mpaka wa hifadhi, izime kwanza, kisha toa taarifa. Mambo haya hayana mfadhili wala hayahitaji mfadhili, na bila hayo mzinga wowote utakaoletwa mlimani utabaki sanduku la mbao.